Namna ya Kusoma Waraka wa Matarajio Kabla ya Kununua Hisa: Mahali Sheria Inapokulinda na Mahali Inapoishia

Katika kurasa za mwanzo za waraka wa matarajio, yaani kitabu cha maelezo kinachotolewa na kampuni inayouza hisa kwa umma, kuna aya fupi ambayo wanunuzi wengi huiruka. Aya hiyo hueleza kwamba mamlaka ya masoko ya mitaji imeidhinisha toleo hili la hisa, lakini haibebi dhamana ya usahihi wa maelezo yaliyomo, na kwamba idhini hiyo isichukuliwe kuwa ushahidi wa ubora wa kampuni wala wa hisa zenyewe. Mtu akiielewa aya hii vizuri ameshaelewa nusu ya sheria za masoko ya mitaji. Serikali haikuchagulii kampuni ya kununua. Inamlazimisha muuzaji aandike anachokijua, aweke sahihi, na awajibike kwa alichoandika, kisha kazi ya kusoma inabaki kuwa yako.

Mwongozo huu unamfuata mnunuzi wa kawaida wa Tanzania au Kenya tangu anaposikia tangazo la uuzaji wa hisa hadi anapokuwa mwanahisa. Hatua nyingine ni za dakika chache tu, na nyingine zinahitaji jioni nzima na kalamu mkononi.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba toleo lina idhini

Tanzania ina Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, iliyotokana na Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994. Kenya ina Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, iliyoundwa mwaka 1989. Katika nchi zote mbili, kampuni hairuhusiwi kuualika umma ununue hisa zake bila waraka ulioidhinishwa na mamlaka husika. Kwa hiyo tafuta tangazo la idhini kwenye tovuti ya mamlaka yenyewe, usitegemee nakala uliyotumiwa na rafiki, na hakikisha kwamba dalali anayepokea fedha zako yumo katika orodha ya wenye leseni.

Sheria huruhusu pia mauzo ya faragha kwa watu wachache bila waraka kamili, kwa sababu inachukuliwa kwamba wanunuzi hao wanaifahamu kampuni au wana uwezo wa kuichunguza wenyewe. Mwanya huu una sababu ya msingi, lakini hutumiwa vibaya. Ukialikwa kununua “hisa” kupitia kundi la WhatsApp lenye mamia ya watu usiowajua, huko si faragha tena, na kukosekana kwa waraka ni sababu tosha ya kuondoka.

Hatua ya pili: elewa kilichochunguzwa na ambacho hakikuchunguzwa

Duniani zipo njia mbili kuu za kudhibiti uuzaji wa hisa. Jimbo la Kansas nchini Marekani, katika sheria yake ya mwaka 1911, lilimpa ofisa wa serikali uwezo wa kuzuia mauzo ambayo kwa maoni yake hayakuwa ya haki kwa wanunuzi. Baada ya soko la New York kuanguka mwaka 1929, serikali ya shirikisho ilitunga sheria ya mwaka 1933 kwa mtazamo tofauti: hata kampuni dhaifu inaweza kuuza hisa, mradi iseme wazi udhaifu wake, na anayeficha au kupotosha anaweza kushtakiwa.

Afrika Mashariki imechanganya njia hizo mbili. Kanuni za Kenya za mwaka 2002, zilizotumika hadi zilipochukuliwa nafasi na kanuni mpya za mwaka 2023, zilizitaka kampuni zinazoingia katika soko kuu ziwe na mtaji uliolipwa usiopungua shilingi milioni 50, mali halisi (mali baada ya kutoa madeni) zisizopungua shilingi milioni 100, faida katika angalau miaka mitatu kati ya mitano iliyotangulia, na robo ya hisa zimilikiwe na wanahisa wasiopungua 1,000. Huo ni mchujo wa ubora. Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara Aprili 1998 kwa hisa za kampuni ya gesi ya TOL, nalo lilifungua mwaka 2013 dirisha, yaani sehemu maalumu ya soko, la kampuni changa zinazokua, ambalo masharti yake ni mepesi zaidi na linaitaka kampuni iwe na mshauri mteule wa kuisimamia katika utoaji wa taarifa.

Jambo la kwanza la kuandika pembeni ya waraka, basi, ni dirisha ambalo kampuni inaingilia. Kampuni changa katika dirisha la ukuaji inaweza kuwa haijawahi kupata faida hata mwaka mmoja, na ikalisema hilo waziwazi, na mauzo yake yakawa halali kabisa. Mnunuzi anayedhani kwamba kila kilichoorodheshwa kimepita mchujo uleule anajidanganya.

Hatua ya tatu: uliza kwa nini inauza, na kwa nini sasa

Hapa ndipo udhibiti huonekana kuunda toleo lenyewe. Kampuni nyingi huuza hisa kwa sababu zinahitaji mtaji. Nyingine huuza kwa sababu sheria imeziamuru, na bei, muda na aina ya wanunuzi hubeba alama ya amri hiyo.

Vodacom Tanzania ni mfano mzuri wa kujifunza. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yalizitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa zao kwa umma na kuziorodhesha Dar es Salaam. Machi 2017 Vodacom ilifungua mauzo ya hisa zipatazo milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja, ikilenga kukusanya takriban shilingi bilioni 476, kiasi kikubwa mno kwa soko ambalo wawekezaji wake wa kawaida hawakuwa wengi. Awali mauzo yalikuwa ya Watanzania peke yao. Fedha hazikutimia katika muda uliopangwa, muda ukaongezwa, na hatimaye masharti yakalegezwa ili wageni nao wanunue. Hisa ziliorodheshwa Agosti 2017, na miaka iliyofuata bei sokoni ilikaa chini ya ile 850 kwa muda mrefu.

Uganda ilipita njia inayofanana. Leseni za mawasiliano ziliwataka watoa huduma wakubwa wauze asilimia 20 ya hisa zao, na mauzo ya MTN Uganda mwaka 2021 pamoja na yale ya Airtel Uganda mwaka 2023 yote mawili yalimalizika bila kupata wanunuzi wa hisa zote zilizotolewa.

Sisemi kwamba kampuni inayolazimishwa kuuza ni mbaya. Nia ya kuwashirikisha wananchi katika umiliki wa mitandao wanayoilipia kila siku ni nia njema, na ninaiunga mkono. Lakini toleo linaloletwa na tarehe ya mwisho ya kisheria halisubiri soko liwe tayari. Ukikuta sababu ya aina hiyo katika waraka, jiulize kama baada ya kuorodheshwa watakuwapo wanunuzi wa kutosha siku utakayotaka kuuza.

Hatua ya nne: fuata fedha zako zinakokwenda

Fungua sehemu inayoeleza matumizi ya fedha. Kuna tofauti kubwa kati ya hisa mpya na hisa zilizokuwapo. Zikiuzwa hisa mpya, fedha huingia katika kampuni na zinaweza kujenga, kununua mitambo au kulipa madeni. Zikiuzwa hisa za mwanahisa wa zamani, kampuni haipati hata senti, fedha zote humwendea anayejitoa.

Serikali ya Tanzania ilipouza asilimia 21 ya NMB kwa umma mwaka 2008, na serikali ya Kenya ilipouza robo ya Safaricom mwaka huohuo, wauzaji walikuwa serikali zenyewe. Aliyenunua alipata sehemu ya benki au ya kampuni ya simu kama ilivyokuwa, bila mtaji mpya ndani yake. Hilo si dosari, mradi ulijue.

Kwa hisa mpya, dai maelezo mahususi. “Kukuza biashara” na “mahitaji ya jumla ya kampuni” ni maneno yasiyomfunga mtu yeyote. Waraka mzuri hutaja mradi, kiasi na muda, na huo ndio msingi ambao miaka miwili baadaye mwanahisa atautumia kusimama kwenye mkutano mkuu na kuuliza kilichofanyika. Uchumi, kampuni ya maduka makubwa nchini Kenya, iliuza hisa stahiki, yaani hisa mpya ambazo wanahisa waliopo hupewa nafasi ya kwanza kuzinunua, kwa wanahisa wake mwaka 2014. Haukupita muda mrefu kampuni ikawa taabani, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ikaanzisha hatua dhidi ya baadhi ya waliokuwa viongozi wake kuhusu taarifa zilizotolewa na matumizi ya fedha zilizochangwa. Kesi ya namna hiyo huwezekana tu pale ambapo ahadi iliandikwa.

Hatua ya tano: tafuta wenye kampuni, hadi mtu wa mwisho

Jedwali la wanahisa wakubwa kwa kawaida lina majina ya kampuni nyingine. Usiridhike nalo. Uliza nani yuko nyuma ya kila jina, ana mikataba gani na kampuni inayouza, na amefungwa kwa muda gani asiuze hisa zake baada ya kuorodheshwa.

Kabla ya mauzo ya Safaricom, Wakenya walikuwa wakijadili kwa uchungu jina la Mobitelea Ventures, kampuni iliyokuwa na hisa ndani ya Vodafone Kenya, mwanahisa mkubwa wa Safaricom. Kamati ya Bunge ya Uwekezaji wa Umma ililichunguza jambo hilo mwaka 2007, na swali la nani hasa walikuwa wamiliki halikupata jibu lililoridhisha umma. Mauzo yaliendelea. Somo ninalolichukua hapo ni kwamba utoaji wa taarifa unaweza kutimiza masharti ya karatasi na bado ukaacha swali kubwa bila jibu, na ukilikuta pengo la aina hiyo, lihesabu kama hatari hata kama waraka hauliiti hivyo.

Katika kurasa hizohizo soma miamala na watu wa karibu: ada za usimamizi zinazolipwa kwa kampuni mama, malipo ya matumizi ya jina la biashara, mikopo kwa wakurugenzi, majengo yanayokodishwa kutoka kwa mwanahisa mkubwa. Kila malipo ya namna hiyo hutoka kabla ya gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wanahisa. Yanaweza kuwa halali na ya haki, lakini kiasi chake ukilinganisha na faida kitakuonyesha ni sehemu gani ya jasho la kampuni inayomfikia mwanahisa mdogo.

Hatua ya sita: pitia hesabu kwa mpangilio huu

Anza na maoni ya mkaguzi. Kama mkaguzi ameweka shaka au ametilia mkazo jambo fulani, lisome neno kwa neno. Kisha weka faida ya miaka mitano katika mstari mmoja na fedha taslimu zilizotokana na shughuli za biashara katika mstari wa pili. Faida inayopanda huku fedha taslimu zikishuka ina maana kwamba kampuni inauza kwa mkopo na kulipwa kwa kuchelewa, au inahesabu mapato kabla hayajafika. Yapo maelezo halali, na waraka unapaswa kuyatoa.

Halafu fanya hesabu ya bei. Safaricom ilikuwa na hisa bilioni 40, na bei ya toleo ilikuwa shilingi 5. Kwa hiyo kampuni nzima ilithaminiwa kwa shilingi bilioni 200. Faida ya mwaka ulioishia Machi 2007 ilikuwa takriban shilingi bilioni 12. Gawa ya kwanza kwa ya pili: mnunuzi alilipia faida ya karibu miaka 17. Bei hiyo ilikuwa na maana tu kwa aliyeamini kwamba faida ingekua sana. Baada ya kuorodheshwa Juni 2008 bei ilipanda kidogo, kisha ikashuka hadi chini ya shilingi 3 katika mwaka wa kwanza, wakati misukosuko ya fedha duniani ikiendelea na faida ya kampuni ikipungua. Waliovumilia walikuja kuona bei ikivuka shilingi 40 mwaka 2021. Waraka uleule uliwahudumia walioumia na waliofaidika. Kilichowatenganisha kilikuwa muda waliokuwa nao na iwapo fedha zile zilikuwa zao au za mkopo.

Makadirio ya faida ya baadaye yasome mwisho, pamoja na dhana zilizoyajenga, na ujiulize nini kitatokea mbili kati ya dhana hizo zikikosea kwa wakati mmoja.

Lazima niseme pia mahali ambapo hatua hii haikuokoi. Mwaka 2015 Imperial Bank ya Kenya iliuza hatifungani (karatasi ya mkopo unaochukuliwa kutoka kwa wanunuzi) ya shilingi bilioni 2 kwa idhini ya mamlaka, ikiwa na hesabu zilizokaguliwa na ikiwa chini ya usimamizi wa benki kuu. Oktoba 13, siku ambayo hatifungani hiyo ilitarajiwa kuorodheshwa, benki iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayekabidhiwa taasisi iliyoshindwa, baada ya udanganyifu uliofichwa kwa miaka mingi kugunduliwa. Hakuna msomaji makini ambaye angeugundua kutoka kwenye waraka. Kwa sababu hiyo, kanuni ya kutoweka fedha nyingi katika toleo moja haina mbadala, hata kwa mtu aliyesoma kila ukurasa.

Hatua ya saba: tenganisha hatari za kweli na za mazoea

Sehemu ya hatari hurefushwa na wanasheria kwa sababu kila hatari iliyotajwa humkinga muuzaji dhidi ya madai ya kuficha. Matokeo yake, mabadiliko ya hali ya hewa, siasa na bei ya mafuta hutajwa katika kila waraka. Chukua kalamu ufute kila sentensi ambayo ingeweza kuandikwa kuhusu kampuni nyingine yoyote. Yatakayobaki ndiyo yenye uzito: leseni inayoisha baada ya miaka miwili, mteja mmoja anayeleta nusu ya mapato, kesi ya kodi yenye kiasi kilichotajwa, mkopo wa dola ilhali mapato ni ya shilingi. Ikiwa baada ya kufuta hakuna kilichobaki, waraka huo haukuandikwa kwa ajili yako.

Hatua ya nane: soma masharti ya mgao kabla ya kujaza fomu

Tafuta mambo manne: kiwango cha chini cha hisa za kuomba, kiwango cha chini cha fedha ambacho kisipofikiwa toleo hufutwa, utaratibu wa kugawa maombi yakizidi, na siku ambazo fedha za ziada zitarudishwa. Utahitaji pia akaunti ya hifadhi ya dhamana, ambamo hisa zako huandikwa, kwa jina lako, inayofunguliwa kupitia dalali au benki iliyoidhinishwa.

Kipengele cha mgao ndicho kilichowaumiza wengi mwaka 2008. Maombi ya hisa za Safaricom yalizidi mno hisa zilizokuwapo, na waombaji wadogo walipata sehemu ndogo ya walichoomba. Chukua mtu aliyekopa shilingi 100,000 akitarajia hisa 20,000. Akipewa hisa za shilingi 20,000 tu, analipa riba ya mkopo mzima hadi siku fedha zinaporudi, na faida yoyote anayotarajia inatokana na sehemu ya tano peke yake. Bei ingelazimika kupanda sana ili tu riba ile irudi. Waraka ulieleza kwamba mgao ungeweza kupunguzwa. Usikope ili kuomba hisa za toleo la umma.

Hatua ya tisa: endelea kusoma ukishakuwa mwanahisa

Wajibu wa kutoa taarifa haukomi siku ya kuorodheshwa, na kwa maoni yangu hapa ndipo mwanahisa mdogo hupoteza haki zake kwa kutokuzitumia. Chini ya kanuni za Kenya za 2002, ambazo ziliwajenga wanahisa wengi wa sasa, kampuni ilipaswa kutoa hesabu za nusu mwaka ndani ya siku 60, hesabu za mwaka ndani ya miezi minne, na taarifa nyeti, kama vile uamuzi wa gawio, ndani ya saa 24. Bodi ilipoona kwamba faida ya mwaka ingepungua kwa asilimia 25 au zaidi ikilinganishwa na mwaka uliotangulia, ililazimika kuutahadharisha umma kabla ya kutoa hesabu zenyewe. Pata kanuni zinazotumika sasa katika soko lako na uandike tarehe hizo kwenye kalenda. Kampuni inayochelewesha hesabu zake bila maelezo inakupa taarifa kwa ukimya wake.

Unapopokea hesabu za mwaka wa kwanza, ziweke kando ya waraka wa matarajio. Linganisha matumizi ya fedha yaliyoahidiwa na yaliyofanyika, makadirio na matokeo, miamala na watu wa karibu kabla na baada. Maswali utakayoyapata peleka kwenye mkutano mkuu kwa maandishi, ili yaingie katika kumbukumbu.

Hatua ya kumi: ujue pa kupeleka malalamiko

Hifadhi nakala ya waraka uliousoma, fomu yako, stakabadhi ya malipo na taarifa ya mgao. Malalamiko kuhusu dalali huanzia kwa dalali mwenyewe kwa maandishi, yakishindikana huenda kwa mamlaka. Nchini Kenya lipo pia baraza maalumu la rufaa za masoko ya mitaji, na mfuko wa fidia kwa wawekezaji waliopoteza fedha kwa sababu dalali ameshindwa kutimiza wajibu wake wa kimkataba. Maelezo ya uongo ndani ya waraka ni jambo jingine: wakurugenzi walioweka sahihi na wataalamu walioruhusu ripoti zao kutumika wanaweza kudaiwa, na aliyenunua kwa kuyategemea maelezo hayo atahitaji kuonyesha ukurasa, sentensi na hasara. Bei iliyoshuka sokoni huku waraka ukiwa wa kweli hailipwi na mfuko wowote.